Mashabiki Hawahami, Huenda Dago: Uhakiki wa Dhana ya Uhamaji katika Ushabiki wa Bongo Fleva Mitandaoni, kwa Mtazamo wa Mwalo wa Kibirizi, Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya "uhamaji" kama inavyotumika kueleza mwendo wa jumuiya za mashabiki kutoka jukwaa moja la mtandao wa kijamii hadi jingine. Mfano unaochunguzwa ni ushabiki wa Bongo Fleva wenye mizizi Kigoma, na mahali pa kutazamia ni mwalo wa Kibirizi. Makala yanadai kwamba dhana hiyo huficha mambo mawili: mashabiki wengi hawaliachi jukwaa la awali, na kinachobadilika kwa hakika ni utanzu wa majibizano yao. Dhana ya "dago" inapendekezwa badala yake, na udhaifu wake unajadiliwa pia.

1. Kitenzi na mzigo wake

Anayesema kwamba fulani amehama Kibirizi husema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtu huyo ameondoka, na kwamba nyumba aliyokuwa akiishi ama imefungwa ama ina mkazi mwingine. Kitenzi kuhama hakikubali nusu. Kwa ajili ya nusu hiyo lugha yetu ina vitenzi vingine: kutanga, kuzuru, kushinda mahali, kulala mahali. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiswahili kuhusu mitandao ya kijamii, hata hivyo, hukuta neno uhamaji limekwisha kuandaliwa na wafasiri, naye hulipokea pamoja na nadharia iliyomo ndani yake bila kuuliza kama nadharia hiyo imezaliwa na watu wanaofanana na wale anaowachunguza.

Kazi inayostahili kuanza nayo ni ile ya Casey Fiesler na Brianna Dym (2020), iliyochunguza jinsi jumuiya za mashabiki waandishi wa hadithi zilivyopita katika majukwaa kwa miaka mingi. Historia wanayoieleza inafahamika. Mwaka 2007 LiveJournal ilifuta akaunti nyingi kwa ghafla na kuwaudhi watumiaji wake. Mashabiki wakaanza kujenga hifadhi yao wenyewe, Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa majaribio mwaka 2009. Wengi walikwenda Tumblr, na Desemba 2018 Tumblr nayo ikapiga marufuku maudhui ya watu wazima, wakatawanyika tena. Ubora wa kazi hiyo ni kwamba haidanganyi kuhusu gharama: inaonesha kuwa kila mwendo huacha nyuma watu, maandishi na desturi.

Tatizo halimo katika kazi yenyewe. Limo katika kuichukua kama kipimo cha watu wote. Shabiki anayeelezwa humo ni mwandishi. Ana akaunti ya kudumu, ana maandishi marefu yenye jina lake la kubuni, na ana kompyuta au simu isiyokatika mtandao kila salio linapokwisha. Kinachomwondoa ni uamuzi wa mmiliki wa jukwaa kuhusu kanuni au muundo. Shabiki wa Kibirizi huondolewa mahali na bei ya bando, na simu iliyojaa, na sheria ya nchi, au na msanii mwenyewe aliyegombana na lebo yake. Sababu zikitofautiana kiasi hicho, ni vigumu kuamini kwamba mwendo unaotokana nazo ni mmoja.

2. Ushabiki uliotangulia mitandao

Upo ushahidi wa zamani wa mwendo wa mashabiki katika Afrika Mashariki, nao haukuhitaji umeme. Terence Ranger (1975) alieleza jinsi ngoma ya beni ilivyoigawa miji ya pwani katika pande zinazoshindana, Marini na Arinoti zikiwa ndizo maarufu zaidi, na jinsi mashindano hayo yalivyosambaa bara pamoja na watu waliosafiri kwa kazi na kwa vita. Kwa suala letu, jambo muhimu ni kwamba upande ulisafiri bila ukumbi wake. Mtu aliyetoka mji mmoja aliukuta upande wake katika mji mwingine.

Muziki wa dansi unatupa mfano ulio karibu zaidi. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ilibadilika jina kwa kadiri chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kilivyobadilika: ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Majina manne, wamiliki waliobadilika sura, ushabiki mmoja. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake, akiwamo Muhiddin Maalim, walikwenda kuanzisha Mlimani Park, ambayo nayo ilianza chini ya kampuni ya usafiri, TTTS, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC. Wapenzi wa Sikinde hawakuwa wapenzi wa TTTS wala wa DDC. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba jukwaa lilibadilisha mmiliki na hapana aliyehama. Lakini mwaka 1985 Maalim alipokwenda Orchestra Safari Sound na kuibua Ndekule, swali la nani anamfuata nani lilikuwa zito, kwa sababu safari hii kilichoondoka kilikuwa sauti.

Tunapata hapa tofauti ambayo neno uhamaji haliioni. Kuna mwendo wa mahali na kuna mwendo wa fanani. Mahali pakibadilika fanani akibaki, mashabiki hukaa walipo hata kama wanakaa kwingine. Fanani akiondoka mahali pakibaki, jumuiya hupasuka. Ni mpasuko wa aina hii uliotokea mwaka 2019 Harmonize alipoondoka WCB Wasafi na kusimamisha Konde Gang yake. Akaunti hazikubadilika jukwaa, Instagram ilibaki Instagram, ila watu waliokuwa wakiandika chini ya picha ileile kama ndugu walianza kuandika chini ya picha mbili kama mahasimu. Mtafiti anayehesabu majukwaa tu angeandika kwamba mwaka huo hapakutokea uhamaji wowote.

Kandanda inathibitisha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Haji Manara alipoondoka Simba na kutangazwa Yanga mwaka 2021, akaunti iliyokuwa imekusanya wapenzi wengi wa Simba ilivuka na mwenyewe hadi upande wa pili wa mtaa. Orodha ya wafuasi ilivuka. Wapenzi hawakuvuka, na shabiki wa Simba anayebaki kumfuata mtu wa Yanga ili amsome na kumjibu ni shabiki wa Simba zaidi kuliko awali. Idadi ya wafuasi, ambayo tasnifu nyingi huiweka katika jedwali kana kwamba ni sensa ya jumuiya, haituambii mtu amekuja kushangilia au kuzomea.

3. Mpasho unapokosa mlengwa

Mulokozi (1996) anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo kadhaa: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Wanafunzi wetu huinukuu orodha hiyo katika utangulizi na kuisahau katika uchambuzi. Makala haya yanaichukua kwa uzito, kwa sababu mahali na wakati ndivyo vinavyobadilishwa na jukwaa, na vikibadilika fani haiwezi kubaki vilevile.

Utanzu mkuu wa mashabiki wa Bongo Fleva ni mpasho. Urithi wake unatoka katika taarabu, na hasa katika ushindani wa miaka ya 1990 kati ya TOT ya Khadija Kopa na Muungano ya Nasma Khamis. Ukumbini, mpasho ulikuwa na viungo vitatu visivyotenganishwa: maneno yasiyomtaja mtu, mlengwa aliyepo na anayejijua, na mashahidi wanaowajua wote wawili. Kutuza kulikamilisha kazi. Mwanamke aliyeinuka kwenda kumtunza mwimbaji, akapita njia ndefu mbele ya meza ya mbaya wake huku akiinua noti, alikuwa ameandika beti yake kwa miguu. Kama mlengwa hakuja ukumbini usiku ule, wimbo uliimbwa na noti zilitolewa, lakini mpasho haukutokea.

Kati ya mwaka 2013 na 2016 hivi, timu za mashabiki zilipojikusanya Instagram kwa majina ya Team Diamond, Team Kiba, Team Wema na mengineyo, zilikuta ukumbi unaofanana na ule wa taarabu kuliko jukwaa lolote lililotangulia. Facebook, ambayo ilikuwa na sura ya Kiswahili tangu 2009, ilijengwa juu ya marafiki: uliandika kwako na watu wako walikujibu. Instagram iliwaruhusu watu wasiojuana kuandika chini ya picha ya mtu wasiyempenda. Shabiki wa Kiba aliweza kwenda moja kwa moja chini ya picha ya Diamond na kuweka taji la mfalme bila neno hata moja. Alama ile iliwekwa mbele ya mlengwa na mbele ya mashahidi, na hapana aliyetajwa. Kwa tathmini ya mwandishi wa makala haya, ile ni noti iliyopitishwa mbele ya meza. Wale wanaoiona picha hiyo ya taji kuwa uvivu wa kuandika hawajapata kuketi katika taarabu.

Lugha ya timu hizo ilikuwa na ufundi ambao bado haujachambuliwa ipasavyo. Misemo ya khanga ilirejea, kama ule wa wenye wivu kujinyonga, ila ilikatwa nusu kwa kuwa msomaji aliijua nusu ya pili. Majina ya sifa yalizidishwa: Simba, Chibu, King. Matusi yalikuwapo pia, tena mengi, na si haki mhakiki kuyafagia chini ya mkeka kwa jina la ubunifu. Sehemu kubwa iliwaangukia wanawake waliohusishwa na wasanii, na kwa kipimo cha mpasho wenyewe yalikuwa kazi mbovu, kwa kuwa yalitaja. Mpasho unaotaja ni tusi tu.

Desemba 2016 Instagram ilimpa kila mwenye akaunti uwezo wa kufunga maoni chini ya picha yake. Wasomaji wa nje wanaweza kuona hilo kuwa badiliko dogo la muundo. Kwa utanzu huu lilikuwa sawa na kumpa mlengwa ufunguo wa ukumbi. Watu mashuhuri walianza kufunga maoni kila vita vilipopamba moto, yaani wakati hasa ambapo mpasho ulihitajika. Maneno yakatafuta pa kwenda, mengine yakaingia makundi ya WhatsApp.

Hapa ndipo wafuasi wa dhana ya uhamaji husema: jumuiya imehamia WhatsApp. Tuangalie kilichofika huko. Kundi la WhatsApp wakati ule halikuzidi watu 256, na lilikuwa na mlango uliofungwa na kiongozi anayemjua kila aliyeingia. Mlengwa hayupo. Mashahidi wote ni wa upande mmoja. Katika mazingira hayo mpasho hauna wa kumpasha, na kwa kweli haukuishi. Kilichokua badala yake ni masimulizi: sauti ndefu zilizorekodiwa, zenye mwanzo wa "jamani ngojeni niwaambie", zenye kuigiza sauti za wahusika, zenye vituo vya makusudi ili msikilizaji aombe kuendelea. Huo ni umbea kwa maana ya utanzu, na ni hodari. Una fanani anayejulikana kundini kwa ufundi wake, na sauti yake ikihamishwa kundi jingine hutambulikana kabla ya jina. Lakini si mpasho. Tukisema kwamba jumuiya ileile imehama na vyombo vyake, tunakuwa hatukufungua kasha.

YouTube nayo ilizaa kingine. Huko ushindani ulihamia katika hesabu ya watazamaji, na maoni yakawa fomula: wa kwanza kufika ajitangaze, mtazamaji wa mwaka fulani aulize wako wangapi, kila mji uitike. "Kigoma tupo" ni itiko la aina hii. Kwa ufundi wa maneno ni kavu ukilinganisha na mpasho. Hata hivyo limefanya jambo ambalo Instagram haikuliweza: limewaweka mashabiki wa pande mbili chini ya jina la mji wao.

Kwa Kigoma hilo si dogo. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huo, akiwamo Diamond ambaye mama yake ni wa huko, pamoja na Linex, Mwasiti, Peter Msechu, Abdukiba na wengine, walitoa kwa jina la Kigoma All Stars wimbo wa Leka Dutigite. Jina lake ni la Kiha, na maana yake ni acha tujidai. Mdogo wa Kiba na Diamond waliimba katika kazi moja, na Kiha kikasikika redioni Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye Ali Kiba alirejea na Mwana, timu zikanoa ndimi, na mkoa uleule ukagawanyika kati ya watu wawili wanaodaiwa wote kuwa wana wa Kigoma. Mgawanyiko huo Kigoma hauna hasira ya Dar es Salaam. Una ladha ya utani wa nyumba moja.

4. Kibirizi: mashabiki wasio na akaunti

Mwalo wa Kibirizi uko kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Hapa hushuka dagaa na migebuka, na kutoka hapa huondoka maboti ya abiria na mizigo kuelekea vijiji vya kaskazini, kupita Gombe hadi Kagunga mpakani mwa Burundi. Wapo Waha, Wabembe, Wamanyema, watu wa Kongo na wa Burundi, na Kiswahili chao kina mwendo wake. Muziki hausikiki kidogo. Kila boti na kila kibanda kina spika.

Mtu akitaka kujua mashabiki hawa wako jukwaa gani, atajibiwa kwa swali: saa ngapi? Siku yenye bando la mitandao ya kijamii, WhatsApp na Instagram zipo na YouTube haipo, kwa sababu bando hilo haliifikii. Siku yenye bando la usiku, video hupakuliwa na kulala katika simu. Siku isiyo na bando, kuna Bluetooth na Xender, kuna kibanda kinachoingiza nyimbo katika memori kadi kwa malipo, na kuna skrinishoti. Skrinishoti ya maneno yaliyoandikwa Instagram hufika Kibirizi kupitia WhatsApp, huoneshwa kwa mtu asiye na akaunti popote, naye hulijibu kwa kinywa, papo hapo, mbele ya hasimu wake aliyekaa juu ya kreti. Mpasho uliouawa na mlango wa WhatsApp hufufuka juu ya mchanga, kwa kuwa pale mlengwa yupo.

Msemaji huyo wa mwisho hayumo katika takwimu yoyote. Hana akaunti, hana jina la kubuni, hakupenda wala hakufuata. Tafiti za uhamaji huanza kwa kuwahesabu wenye akaunti, na kwa hiyo humtoa nje ya jumuiya kabla ya kazi kuanza. Lakini kwa vigezo vya Mulokozi yeye ndiye fanani aliyekamilika kuliko wote katika mnyororo ule: ana hadhira ya uso kwa uso, ana mahali, ana wakati.

Kwa sababu hiyo makala haya yanapendekeza dhana ya dago. Neno hili si la Ziwa Tanganyika. Ni la wavuvi wa mwambao na visiwani, na maana yake ni kambi ya muda ambayo mvuvi huipiga mbali na kwao kwa msimu wa samaki, kisha akarudi. Aliyekwenda dago hajahama: mke, shamba na kaburi la babake viko palepale. Anakwenda na baadhi ya vyombo, si vyote, na akiwa dagoni anakutana na watu wa vijiji vingine asiokutana nao kwao. Ingawa neno ni la bahari, mantiki yake inaeleweka Kibirizi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapong'aa kazi hupungua na watu hukaa nchi kavu hadi giza lirudi. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hapana aliyesema kwamba wavuvi wameacha uvuvi.

Shabiki huenda Instagram kukiwa na vita, YouTube wimbo unapotoka, WhatsApp wakati wote kwa kuwa ni nafuu. Huo ni msimu. Mwaka 2017 WCB ilipofungua Wasafi.com ili nyimbo zinunuliwe hapo, mashabiki waliombwa kuhama kwa maana halisi ya kuhama, na kulipa kodi ya nyumba mpya. Nyimbo zilezile ziliendelea kusikilizwa YouTube. Mashabiki hawakumsaliti msanii wao kwa kufanya hivyo. Walikataa tu kuhama.

Dhana ya dago ina ufa, na ni heri uoneshwe hapa kuliko katika chumba cha utetezi. Mvuvi ana kwao. Kwao kwa shabiki ni wapi? Makala haya yanaelekea kujibu kwamba ni kwa fanani, na jibu hilo linatosha kwa Msondo na kwa Kigoma All Stars. Halitoshi kwa Harmonize mwaka 2019, ambapo fanani aliondoka na kuacha nyuma nyumba iliyokuwa pia kwao kwa mashabiki. Wapo waliobaki Wasafi si kwa ajili ya mtu mmoja bali kwa ajili ya nembo. Pengine pale kitenzi kuhama kinastahili kurudishwa, lakini kwa msanii, si kwa mashabiki wake.

5. Sheria, na maandishi yaliyoachwa dagoni

Dago likivunjwa ghafla, vyombo hubaki. Nchini mwetu mvunjaji si mmiliki wa jukwaa pekee. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu, majukwaa ya majadiliano, redio na televisheni za mtandaoni wawe na leseni, na gharama yake kwa mwaka wa kwanza ilizidi shilingi 2,000,000. Juni mwaka huo JamiiForums ilijizima kwa wiki kadhaa. JamiiForums ilirudi. Blogu nyingi ndogo hazikurudi, na miongoni mwake zilikuwamo za muziki na udaku ambazo ndizo zilizohifadhi majibizano ya mashabiki kabla ya Instagram kushika kasi. Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili, na Mei 2025 upatikanaji wa X ulizuiwa nchini. Wenye kujadili hatua hizi huzijadili kama suala la siasa na habari, na ndivyo zilivyo. Kwa mtafiti wa fasihi zina athari ya pili: nyaraka za sanaa ya maneno ya watu wa kawaida zimepotea pamoja na mengine, bila yeyote kuzikusudia.

Athari hiyo inaingia moja kwa moja katika tasnifu zetu. Mtahini hudai data inayothibitika, na mtahiniwa huweka kiungo cha mtandaoni. Baada ya miaka mitatu kiungo hakifunguki. Wengine huambatisha skrinishoti isiyo na tarehe, iliyokatwa juu na chini, ambapo hatuoni picha iliyokuwa ikijibiwa. Mpasho ulionukuliwa bila picha iliyokuwa juu yake ni nusu ya kidahizo. Ni jambo la ajabu kwamba tunapokusanya vitendawili kijijini tunaandika jina la kijiji, saa, nani alikuwapo na nani alicheka, lakini tunapokusanya maneno ya Instagram tunaandika kiungo peke yake, kana kwamba mtandao hauna kijiji.

Lipo pia suala la maadili, nalo halitatuliwi kwa fomu ya ridhaa iliyonakiliwa kutoka idara ya afya. Aliyeandika chini ya picha ya msanii alisema ukumbini; tunaweza kumnukuu tukificha jina lake. Aliyerekodi sauti katika kundi la watu mia mbili alisema sebuleni, hata kama sauti yake imesambazwa hadi Kalemie. Sauti hizo ndizo bora kifasihi, na ndizo ambazo hatuna haki ya kuzichukua bila mwenyewe kujua. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba ni afadhali utanzu huo uelezwe kwa sura yake, kama ulivyoelezwa hapo juu, hata kama uchambuzi utakosa mifano, kuliko kuunukuu kwa wizi. Watahini wasiokubaliana na msimamo huu wana hoja: uchambuzi usio na matini hauwezi kupingwa. Jibu la kuridhisha litapatikana tu pale mtafiti atakaporudi kwa wasimuliaji wenyewe, mmoja mmoja, na kuwaomba wasimulie tena mbele ya kinasa sauti, akijua kwamba watakachosimulia kitakuwa tukio jingine.

Kazi ya haraka zaidi, hata hivyo, iko kwingine. Maoni yaliyokusanyika kwa zaidi ya miaka kumi chini ya nakala za Leka Dutigite huko YouTube, yenye maitiko ya miji, ya Kiha, ya Kiswahili cha Ujiji na cha ughaibuni, yako katika mikono ya watu walioipakia video hiyo kwa akaunti zao binafsi. Akaunti moja ikifutwa, kwa ugomvi wa hakimiliki au kwa mwenyewe kuchoka, yataondoka yote. Hayajanakiliwa pamoja na tarehe zake na mpangilio wake, na yanaweza kunakiliwa katika muda wa wiki mbili na mwanafunzi mmoja mwenye bando la uhakika.